UZI: Mimi Dar, kanuni Unguja, dumbaki Mombasa, mwimbaji Muscat. Hivi ndivyo tunavyopiga taarab pamoja mtandaoni

#1 FidlaMbovu

Wakuu, habari za usiku. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa miaka, leo naanzisha uzi wangu wa kwanza. Utakuwa mrefu, chukueni kahawa.

Tuko wanne. Mimi fidla, nakaa Ilala. Ami yangu anapiga kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi kinacholazwa mapajani, yuko Unguja, Mji Mkongwe, na tangu magoti yamgomee zile ngazi za nyumba yake zimekuwa mlima, hatoki. Mpiga dumbaki, ile ngoma ya kushika mdundo, yuko Mombasa. Mwimbaji ni binti ami yetu, kaolewa Muscat. Zamani tulikuwa tukikutana kwenye harusi za ukoo tunapiga mpaka alfajiri. Siku hizi harusi zenyewe anakuja DJ na spika zake, basi.

Mwanzoni mwa 2024 tukasema tujaribu mtandaoni. Tukafungua programu ya mikutano ya video, ile ile ya watu wa ofisini. Ami akaanza taksimu ya bayati, yaani kupiga peke yake kwa kubuni, bila mdundo. Nikasikia nyuzi nne, kimya, nyuzi mbili, kimya, kama mtu anayesimulia huku anazibwa mdomo. Kumbe programu hizi zimetengenezwa kwa ajili ya maneno. Sauti ikivuta bila kukatika zinaihesabu kuwa kelele ya feni, zinaifuta. Na wakisikika wawili kwa mpigo zinampa nafasi mmoja. Sasa taarab si ndiyo hiyo, watu kusikika kwa mpigo?

Tukaingia kwenye mipangilio, tukazima ule ufutaji wa kelele. Sauti ikawa safi kabisa. Tukahesabu, tukaingia. Ubeti wa kwanza sawa. Wa pili tunajikokota. Kufika wa tatu, wimbo ulioanza kama harusi tukawa tunaupiga kama watu wanaorudi makaburini. Na hakuna aliyekosea! Mimi nasikia kanuni imechelewa kidogo, namsubiri Ami. Ami anasikia fidla imechelewa, ananisubiri mimi. Kila mzunguko heshima inaongezeka na mwendo unapungua.

Leo tunapiga, na tunapiga vizuri. Ila kwa masharti, na masharti yenyewe ndiyo nataka niyaeleze, maana nimeona watu wengi wanakata tamaa pale pale tulipokata sisi. Nikipata chakula narudi.

#2 KiroboTO

Siti ya mbele. Endelea mkuu.

#3 StudioYaUwani

Mkuu, kwa nini msirekodi kila mtu kwake halafu mkachanganya? Bongo Fleva nzima inatengenezwa hivyo. Mtu yuko Mwanza anatuma sauti yake, mimi naipanga Mbagala, wimbo unatoka. Mnajitesa bure.

#4 FidlaMbovu

@StudioYaUwani tulifanya hivyo pia. Ami alipelekewa fidla yangu aiwekee kanuni juu yake. Akaisikiliza, akasema, "Huyu keshamaliza kusema, mimi nimjibu nini?" Akazima simu. Sisi hatutafuti wimbo wa kuuza, tunatafuta ile saa mbili ya kukaa pamoja.

Haya, tuendelee. Rafiki mmoja anayefanya kazi za mitandao, naye yuko humu, ndiye alinifungua macho. Namwita @MshonaNyaya aje aeleze mwenyewe, mimi nitaharibu.

#5 MshonaNyaya

Nimeitika. Nitajaribu kuongea Kiswahili cha watu.

Kuchelewa kwa sauti si kitu cha mtandao peke yake. Hewani sauti inakwenda kama mita 343 kwa sekunde, yaani katika milisekunde moja (sekunde ukiigawa mara elfu) inasogea sentimita 34 hivi. Mwenzako akikaa mita tatu kutoka kwako, tayari unamsikia amechelewa karibu milisekunde 9, na hujawahi kulalamika. Akikaa mita nane na nusu, ni 25. Hapo ndipo wanamuziki wengi wanaanza kuhisi kuna kitu kinavuta. Ndiyo maana wapiga taarab wanabanana viti.

Kwa hiyo swali la kweli ni hili: mtandao unawaweka mita ngapi mbali? Kwenye faiba mwanga unakwenda kama kilomita 200 kwa kila milisekunde. Dar na Unguja ni kilomita sabini na kitu. Bahari inakula chini ya nusu milisekunde. Bahari si mwizi wenu. Mwizi yuko chumbani.

Nilipokwenda kwa FidlaMbovu nilikuta hivi: amevaa hedifoni za Bluetooth, laptopu iko kwenye waifai, ruta iko sebuleni nyuma ya friji. Hizo hedifoni peke yake zinaweza kula milisekunde 100 mpaka 200. Hapo ni sawa na kumweka Ami mita 34 na zaidi, anapigia kanuni upande wa pili wa barabara. Nilizivua kichwani mwake mwenyewe.

Waifai nayo tatizo lake si mwendo, ni kuyumba. Sauti inasafiri imekatwa vipande vidogo, ndivyo tunaviita vifurushi. Kifurushi kimoja kinafika kwa milisekunde 3, kinachofuata kwa 40 kwa sababu jirani kafungua video. Programu ikiona kuyumba huko inalazimika kuweka akiba ya kusubiria, na akiba hiyo ndiyo kuchelewa kwenyewe. Waya wa mtandao kutoka kwenye ruta mpaka kwenye kompyuta, hata kama unakatiza sebule na mama watoto analalamika, unamaliza hilo.

Kisha kadi ya sauti. Kompyuta haitumi sauti tone kwa tone, inajaza kikombe kwanza. Kwa sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde, kikombe cha sampuli 512 kinachukua karibu milisekunde 11 kujaa. Cha 128 ni 2.7. Na kuna kikombe cha kuingia na cha kutoka, kwa kila mpigaji. Kadi ya nje ya USB yenye dereva wake wa ASIO, ile programu ya kuipitisha sauti kwa njia ya mkato, inakuruhusu kikombe kidogo. Asiye na kadi kama hiyo na anatumia Windows aweke ASIO4ALL, inasaidia, ingawa haifanyi miujiza.

#6 FidlaMbovu

Waya ule mpaka leo umekatiza sebule. Nimeufunika kwa mkeka.

#7 Nyundo ya Mbao

5G ikienea yote haya yatakwisha. Mnahangaika na nyaya karne hii!

#8 MshonaNyaya

@Nyundo ya Mbao 5G inafupisha safari ya kutoka kwenye simu yako mpaka mnarani. Kutoka mnarani kwenda mbele kifurushi kinapanda faiba ile ile na mwendo ule ule. Dar mpaka London kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 7,500. Gawa kwa 200. Unapata milisekunde 37 na nusu kabla hujahesabu kifaa chochote, na nyaya za baharini hazijanyooka. Hiyo haipunguzwi na bando lolote.

#9 SopranoWaMwenge

Jamani sisi kwaya yetu tulijaribu kipindi kile cha 2020, watu ishirini kwenye video. Mwalimu akanyanyua mkono, ikawa kama gunia la mbuzi limefunguliwa. Mwisho tukaambiwa wote tuzime maiki, tuimbe tukimsikia mwalimu tu. Nikaimba peke yangu jikoni wiki kumi. Hiyo programu mnayotumia sasa inaitwaje?

#10 FidlaMbovu

Dada @SopranoWaMwenge pole, nimecheka lakini pole.

Tunatumia Jamulus. Ni ya bure, aliianzisha Mjerumani Volker Fischer tangu 2006 hivi, kipindi cha korona ndipo ikajulikana sana. Kila mtu anatuma sauti yake kwenye seva moja, yaani kompyuta ya kati, seva inachanganya na kumrudishia kila mtu. Iko SonoBus pia, yenyewe inaunganisha watu moja kwa moja na inaingia hata kwenye simu. Iko JackTrip, ilitoka kwa kina Chris Chafe pale Stanford, ubora mkubwa ila inataka intaneti nene. Waitaliano wa Conservatorio ya Tartini kule Trieste wanayo LoLa, ila hiyo inataka mtandao wa vyuo vikuu, tuwaachie wenyewe.

Jamulus inatuma hivi: kifurushi kikipotea hakiombwi tena. Ni kama konda wa daladala, aliyechelewa kituoni kaachwa, gari limeondoka. Utasikia kijikwaruzo, muziki unaendelea. Programu ya video inamsubiri abiria.

Jamulus ina kitaa cha kuonyesha jumla ya kuchelewa. Kijani ni chini ya milisekunde 43, njano mpaka 68, zaidi ya hapo nyekundu. Mimi na Ami tuko kijani. Siku ya kwanza kilipowaka kijani nilimpigia simu kumwambia, akaniuliza kijani cha nini, tunapiga au hatupigi?

Tulipiga. Mdundo wa wahed unus, wimbo wa zamani wa nyumbani. Katikati kuna mahali kanuni inashuka mbio na fidla inaipokea chini. Ilishuka, nikaipokea. Nikasahau kwamba sipo Unguja.

#11 StudioYaUwani

Hapo #10 nimekuelewa mkuu. Seva mmeiweka wapi?

#12 FidlaMbovu

Hilo nalo lina kisa. Mwanzo tulikodi seva ya bei chee Ulaya, kwa ujinga. Yaani mimi Ilala, Ami ng'ambo ya maji hapo, sauti yangu inapanda ndege kwenda Ulaya kuchanganywa na yake halafu inarudi. Nyekundu tupu. Tukawa tunaivumilia kwa kudhani ndiyo hali.

Kisha Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari zikakatika, mnakumbuka siku zile nchi nzima ilivyokuwa. Seva yetu haikupatikana kabisa. MshonaNyaya akaniuliza, "Seva ya wapi kwani?" Nilipomjibu alinyamaza kwa muda, nikadhani simu imekatika.

Tukahamia kwenye seva ndogo hapa hapa Dar. Nyumbani huwezi kuiweka kirahisi, hasa ukiwa kwenye intaneti ya simu, kwa sababu mnashirikishwa anwani moja watu wengi na hakuna anayeweza kukufikia kutoka nje.

#13 MshonaNyaya

Niliongezee nyama hapo. Mombasa tulikwama kwa sababu nyingine. Kilomita 300 tu kutoka Dar, lakini nilipofuatilia njia ya vifurushi vya yule bwana wa dumbaki, vilikuwa vinapitia Marseille! Mtoa huduma wake na wa kwetu walikuwa hawakutani popote karibu, wanakutana Ulaya. Ndiyo kazi ya vituo vya kubadilishania kama TIX ya Dar na KIXP ya Nairobi, makampuni yakutane hapa hapa nyumbani. Lakini kampuni isipoingia, au ikiingia nusu nusu, mteja ndiye anazungushwa. Bwana yule alibadilisha mtoa huduma, akaingia kwenye njano ya chini. Mkitaka kujua yenu, andikeni tracert kwenye Windows kisha anwani ya seva, mtaona vituo vyenyewe.

#14 Dumbaki_Kuze

Asalaam aleikum. Mie ndie huyo wa Mombasa munaemsema. Nami niseme yangu.

Hizo nyaya na vikombe alivyosema ndugu yetu ni kweli tupu. Lakini kitu kilonishinda mie si nyaya. Nimefunzwa dumbaki na marehemu baba, na la kwanza alonifunza ni kusikiliza. Mwimbaji akivuta pumzi, wewe umngoje. Kanuni ikitaka kuzunguka mara ya pili, uijue kabla haijazunguka. Miaka thalathini nasikiliza watu. Leo naambiwa na kijana wa fidla, "Bwana, usitusikilize."

Usiku wa kwanza nalimuona mpumbavu. Wa pili nikajaribu. Nikapunguza sauti zao zote kwenye ile programu mpaka zikawa kama redio ya jirani, nikapiga kama niko peke yangu kwenye chumba. Nikaona vidole vyataka kungoja, navikataza. Tulipomaliza nikauliza vipi? Ami mwenyewe akasema, "Leo tumefika." Mie nalikuwa siko, nalikuwa kwangu.

Basi ndio ilivyo. Mpiga mdundo hamngoji mtu, wote wanifuate. Wakinifuata wanifika wamechelewa, mie nawasikia wako nyuma, nisirudi kuwachukua. Nikirudi tu, tumezama sote. Wao huko waliko wanisikia niko pamoja nao sawasawa. Mie peke yangu ndie nisikiae wimbo uliochoka. Kila jumaa mie ndie nilae hasara.

#15 KiroboTO

Daah. Hii #14 ningeiweka kwenye fremu.

#16 MshonaNyaya

Anachosema Bwana Dumbaki kina ushahidi wa maabara. Chafe na wenzake Stanford waliwaweka watu wawili wawili vyumba tofauti, wakawapigisha makofi huku wakibadilisha kuchelewa kwa sauti. Kuchelewa kukiongezeka, mwendo ulizidi kushuka. Cha kushangaza, kuchelewa kukiwa karibu na sifuri watu walikuwa wanakimbia. Mwendo ulitulia pale katikati, kwenye milisekunde kumi na kitu. Yaani kidogo ya umbali tumezoea kiasi kwamba tukinyimwa tunaharakisha.

#17 SopranoWaMwenge

Swali. Mimi nikiimba najisikia mwenyewe kichwani kabla seva haijanirudishia. Inakuwaje?

#18 FidlaMbovu

Swali zuri dada. Kanuni ya Jamulus (siyo ile ya Ami) ni kwamba ujifuate kama unavyorudi kutoka seva, siyo kama unavyojisikia hapo hapo. Ukifuata ya hapo hapo, kwa wenzako unakuwa nyuma. Mimi fidla iko chini ya kidevu, mfupa wa taya unanipa sauti kabla ya sikio. Nilinunua hedifoni nzito za kuziba masikio, za waya, nikazipandisha sauti, na bado wiki mbili za kwanza upinde ulikuwa mzito kama naukokota kwenye asali. Sasa mkono umezoea, unaondoka mapema bila kuambiwa. Kwa waimbaji ni ngumu zaidi, sitakudanganya. Zibeni masikio, muanze na nyimbo za taratibu.

#19 Mtoto wa Lamu

Umesema mwimbaji yuko Muscat. Huyo mmemfanyaje? Kwa hesabu za bwana nyaya hapo juu hawezi kuingia kijani.

#20 FidlaMbovu

Nilikuwa nasubiri mtu aulize.

Muscat kwa mstari ni karibu kilomita 4,000 kutoka hapa, milisekunde 20 za mwanga peke yake, na kwenye njia halisi pamoja na vifaa vya pande zote hatujawahi kutoka kwenye nyekundu. Jaribio la kwanza tulimtaka aimbe kama kawaida. Yeye huko anasikia muziki, anaimba juu yake vizuri kabisa. Huku kwetu anatufikia amechelewa nusu ya pigo. Wapiga tukimsikiliza tunazama. Basi tukamzima masikioni mwetu tukapiga bila kumsikia, seva inarekodi, baadaye unasogeza sauti yake mahali pake. Kwa kurekodi inafaa. Lakini yeye alisema kitu kilichoniuma: "Naimba na watu ambao wamenigeuzia mgongo."

Tukajaribu NINJAM, ya wale Cockos, tangu 2005. Ile haipigani na kuchelewa, inakuongezea. Kila mtu anasikia mzunguko uliopita wa wenzake. Mapigo 16 kwa mwendo wa 120 ni sekunde nane, basi wewe unapiga juu ya kile walichopiga sekunde nane nyuma. Kwa muziki unaorudi pale pale, umbali hauna maana tena, hata uwe Toronto. Sisi wimbo wetu unahama maqam katikati, yaani ule mpangilio wa sauti unaobeba wimbo. Mimi nimeshaingia hijazi, mwenzangu ananisikia bado niko rasti. Ami alivua miwani, akaifuta, akauliza kama mashine imeharibika.

Ni yeye Ami aliyekitegua kitendawili. Usiku mmoja umeme wa Mombasa ulikatika, dumbaki hakuna, tumebaki watatu hatuna mdundo. Ami akaanza taksimu kujipitishia muda. Akamaliza sentensi moja ya kanuni, akanyamaza. Binti ami kule Muscat akaingia kwa "ya leli", taratibu, bila pigo lolote. Akamaliza. Ami akamjibu. Yule akajibu. Nikaingia na mimi chini kwa sauti moja ndefu.

Hakuna kitu kilichochelewa. Au kilichelewa, lakini mahali ambapo hakuna saa, kuchelewa kunakuwa pumzi tu. Mtu akingoja robo sekunde kabla ya kujibu, unamwona ana adabu. Tulikwenda hivyo kama dakika arobaini. Yule bibie wa Muscat saa zake ziko mbele yetu saa moja, kwake ilikuwa saa sita usiku, mume kalala, anaimba amejifunika shuka kichwani ili asiamshe watu.

Tangu hapo utaratibu ni huo. Nyimbo za mwendo tunapiga sisi watatu wa huku, kijani na njano. Ikifika zamu ya Muscat dumbaki anaweka chombo chini, tunaenda bila mdundo.

#21 Dumbaki_Kuze

Nami ndio nafasi yangu ya kunywa chai. Na kusikiliza!

#22 Nyundo ya Mbao

Nimerudi. Nafuta kauli ya 5G. Vifaa ni bei gani jumla? Nataka nimuunganishe mdogo wangu Morogoro, yeye gitaa mimi besi.

#23 FidlaMbovu

@Nyundo ya Mbao bei zinapanda na kushuka, sitaki kukudanganya. Anza na waya wa mtandao, ndio wa bei rahisi na ndio unaosaidia kuliko vyote. Kisha hedifoni za waya. Kadi ya sauti niliokota iliyotumika Kariakoo, ina matundu mawili ya kuchomekea, moja halifanyi kazi, nilitaka moja. Gitaa na besi mnachomeka moja kwa moja, hata maiki hamhitaji. Morogoro kwa hesabu mko karibu sana, ila kwanza fanyeni tracert msije mkawa mnakutana Marseille.

#24 Mtoto wa Lamu

Leo mnapiga? Wasikilizaji wanaruhusiwa?

#25 FidlaMbovu

Tunapiga, saa tatu usiku ya huku. Msikilizaji anaingia kwenye seva kama mpigaji, ila azime maiki yake, tafadhali sana. Wiki jana mtu alisahau, tukapiga ubeti mzima na kuku.

Naona Ami keshaingia, anaweka sawa nyuzi. Zile ziko zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila sauti, na leo anasema mvua imezilegeza. Ngoja nikale kwanza.